Mabango, spika na kibali cha mkutano: kisa cha kampeni ya wadi

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa magharibi mwa Kenya, wakati wa uchaguzi mdogo wa mwakilishi wadi. Majina ya mji, ya wadi, ya vyama na ya wahusika nimeyaondoa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nilikuwa karibu na kisa kama msaidizi wa kisheria wa jamii. Nakiandika kwa ajili ya wagombea wa viti vya wadi na wale wanaowabebea mafaili, kwa sababu jambo lililompata mgombea huyu huwapata wengi, na wengi hulipa au hukimbia bila kuuliza swali hata moja.

Usuli

Kiti cha wadi kilikuwa wazi. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilitangaza katika Gazeti Rasmi tarehe ya uchaguzi na kipindi cha kampeni, kila siku kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Wagombea walikuwa kadhaa. Mmoja aliteuliwa na chama cha gavana. Mwingine, ambaye ndiye tutakayemfuata, alikuwa mgombea huru: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama ambaye wadi nzima ilimwita Mwalimu, na hapa nitamwita hivyohivyo. Alikuwa amekusanya sahihi za wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi, kama Kifungu cha 193 cha Katiba kinavyomtaka mgombea huru, akalipa ada ya shilingi 2,500 (mwanamke hulipa nusu ya zile 5,000), akatia sahihi Kanuni za Maadili ya Uchaguzi.

Mwalimu hakuwa na pesa za kukodi uwanja wala za redio. Alikuwa na mabango ya karatasi, mengi yao yamebandikwa na wajukuu na wanafunzi wake wa zamani, na pikapu ya kukodi yenye spika mbili. Kampeni ya namna hii, ukiiondolea bango na spika, umeiondolea mdomo.

Mji wenyewe una bodi na meneja chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011. Bodi husimamia huduma kwa niaba ya serikali ya kaunti: taka, taa za barabarani, masoko, stendi za matatu. Askari wa ukaguzi, kanjo tunavyowaita, hupokea amri kutoka kwa kaunti hiyohiyo. Na mkuu wa kaunti ni mwanasiasa, ambaye katika uchaguzi huu alikuwa na mgombea wake. Jambo hili halina maana kwamba kila agizo la meneja lilikuwa la hila. Lina maana kwamba kila agizo lilipaswa kuangaliwa sawasawa.

Tangazo la meneja

Wiki ya pili ya kampeni, karatasi ya ukurasa mmoja ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mji, imepigwa muhuri na kutiwa sahihi na meneja. Iliwataka wagombea wote walipie kila bango ada ya matangazo ya nje. Iliwataka wachukue kibali cha spika. Iliwataka walete ratiba ya mikutano siku saba kabla ili ofisi iidhinishe. Ilipiga marufuku kampeni sokoni na stendini siku za soko. Na mwisho, katika sentensi fupi ambayo wengi hawakuifikia, ilisema kila bango lipelekwe ofisini likaguliwe maneno yake kabla ya kubandikwa. Muda wa kutii ulikuwa siku mbili.

Hapakuwa na kifungu cha sheria kilichotajwa popote isipokuwa maneno "kwa mujibu wa sheria za kaunti".

Yaliyofuata

Mabango ya Mwalimu yaling'olewa usiku wa kuamkia Jumatatu. Asubuhi, katibu wake wa kampeni alipita barabara ya sokoni akakuta nguzo mbili za umeme zilizopakana. Ya kwanza ilikuwa na gundi mbichi na pembe nne za karatasi zilizobaki baada ya bango kuraruliwa. Ya pili ilikuwa na bango zima la mgombea wa chama cha gavana, halijaguswa hata ncha. Katibu alisimama mahali ambapo nguzo zote mbili zilionekana, akapiga picha moja. Hakuelewa wakati huo thamani ya picha ile.

Siku iliyofuata, siku ya soko, pikapu ilisimamishwa karibu na stendi.

"Leta kibali, kijana," askari akamwambia dereva.

"Kibali gani, afande? OCS tumemwandikia," dereva akajibu, akimaanisha mkuu wa kituo cha polisi.

"OCS hana habari na kelele. Hapa ni kaunti."

Dereva aliambiwa atoe shilingi 3,000 papo hapo. Akatoa 2,000, akapewa kipande cha karatasi chenye sahihi na tarehe, bila nambari ya risiti wala nembo. Hata hivyo pikapu ilipelekwa yadi ya kaunti pamoja na spika. Dereva alipompigia simu, Mwalimu alikuwa katikati ya soko akizungumza na wauza omena. Aliendelea kuzungumza, ila kwa sauti yake tu.

Kuipasua karatasi vipande vitano

Jioni ile palikuwa na hasira nyingi sebuleni kwa Mwalimu. Vijana walitaka kurudi usiku kubandika upya na kung'oa ya mwenzao. Mjomba mmoja, mtu wa makamo aliyewahi kufanya kazi baraza la zamani la mji, alishauri walipe tu: "Mwanangu, ukibishana na kanjo kwa siku ishirini, kura zitapigwa ukiwa bado yadini." Mwingine alitaka waende Mahakama Kuu kesho yake.

Mwalimu aliwakatalia vijana mara moja. Kuharibu bango la mpinzani ni kuvunja kanuni alizotia sahihi, na IEBC ina uwezo wa kumtoza faini au hata kumzuia kugombea. Kuhusu kulipa, aliuliza swali ambalo lilibadilisha mwelekeo wa usiku ule: alipie nini hasa, na kwa sheria ipi?

Ndipo tukaipasua karatasi ya meneja vipande vitano na kuuliza kila kimoja peke yake.

Ada ya bango. Jedwali la Nne la Katiba, Sehemu ya 2, linaipa kaunti kazi ya kudhibiti matangazo ya nje. Kwa hiyo kaunti si mgeni hapa. Lakini Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa isipokuwa kwa sheria. Tulitafuta Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka ule, tukasoma jedwali lake mstari kwa mstari. Palikuwa na mabango makubwa ya biashara, maandishi ya ukutani ya maduka, matangazo kwenye magari. Mabango ya kampeni hayakuwemo. Meneja alikuwa ameazima bei ya tangazo la biashara akaibandika kwenye siasa.

Spika. Kelele nazo ni kazi ya kaunti katika mstari uleule wa Jedwali la Nne, na kuna Kanuni za kudhibiti kelele za 2009 chini ya sheria ya mazingira. Hapa Mwalimu hakuwa na hoja nzito. Pikapu yake ilikuwa imepita mbele ya zahanati ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Alikubali hilo waziwazi.

Kuidhinisha mikutano. Hapa kaunti ilikuwa imevuka mpaka kabisa. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, inamtaka anayeitisha mkutano wa hadhara kumpa taarifa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa, na inapelekwa polisi. Ratiba za wagombea zinapogongana, anayezipatanisha ni msimamizi wa uchaguzi wa IEBC. Hakuna meza ya tatu.

Soko na stendi. Hili lilikuwa gumu, nitalirudia.

Kukagua maneno. Hakuna sheria. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, cha 38 haki ya kufanyia kampeni chama au jambo la kisiasa, na cha 24 kinasema haki haiwezi kubanwa isipokuwa kwa sheria, tena kwa kiasi kinachofaa. Karatasi ya ubaoni si sheria. Mamlaka ya kutunga sheria za kaunti, kwa Kifungu cha 185, yako kwa Bunge la Kaunti.

Njia iliyochaguliwa na sababu zake

Mahakama Kuu ingeweza kusikiliza ombi la haki za kikatiba. Lakini tangu kesi ya Speaker of the National Assembly dhidi ya Karume, 1992, mahakama zetu zimekuwa zikiuliza: je, ulipitia kwanza njia iliyowekwa na sheria? Mgombea ambaye hajagonga mlango wa IEBC anaweza kurudishwa akagonge, na siku za kampeni hazimngojei. Gharama nazo zilikuwa juu ya uwezo wa Mwalimu.

Kuomba nakala ya sheria kupitia Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kulionekana kuzuri mpaka tuliposoma muda: ofisi ina hadi siku 21 kujibu. Saa 48 ni kwa habari zinazogusa uhai au uhuru wa mtu. Siku 21 ndani ya kampeni ni sawa na kutojibiwa.

Barua mbili zikaandikwa usiku uleule. Ya kwanza kwa meneja, ikimwomba sababu za maandishi kwa mujibu wa Kifungu cha 47 na Sheria ya Haki katika Utendaji wa Kiutawala ya 2015, na ikisema waziwazi kwamba Mwalimu ataondoa kila bango lake lililo kwenye alama za barabarani na miti, na atapunguza sauti karibu na zahanati, shule na nyumba za ibada. Ya pili kwa msimamizi wa uchaguzi, ikiambatanishwa na tangazo, ile picha ya nguzo mbili, kile kipande cha karatasi kutoka stendini, na nakala ya taarifa kwa OCS yenye muhuri wa kupokelewa.

Palikuwa na mjadala kuhusu kukiri makosa katika barua ya kwanza. Katibu aliona ni kumpa meneja silaha. Mwalimu alishikilia, na naamini uamuzi huo ndio uliobeba kisa kizima. Mabango yake mawili yalikuwa yamefunika alama ya kivuko cha watoto wa shule. Bila kukiri, meneja angefika kikaoni na picha za kivuko, na mazungumzo yote yangekuwa kuhusu kivuko.

Kikao

Meneja hakujibu barua. Msimamizi wa uchaguzi aliwaita wagombea wote, OCS, meneja na kamati ya amani ya eneobunge ofisini kwake siku mbili baadaye.

Meneja alianza kwa upole: "Mwalimu, mimi sina shida na kura zako. Hili ni suala la usafi wa mji."

Msimamizi akamuuliza kama usafi wa mji unahitaji kusoma maneno ya bango. Kimya. Akamuuliza OCS kama aliwahi kupokea taarifa ya mkutano wa Mwalimu. OCS akasema ndiyo, na akaongeza kwamba hakupata kuambiwa kuna ofisi nyingine inayoidhinisha mikutano. Halafu picha ya nguzo mbili ikawekwa mezani. Meneja alisema askari walifanya kazi gizani na pengine hawakuliona bango la pili. Hakuna aliyemjibu, kwa kuwa nguzo hizo hazikupishana hata hatua kumi.

Ifahamike kwamba msimamizi hakuwa na uwezo wa kumtoza meneja faini. Kanuni za Maadili zinatiwa sahihi na vyama na wagombea, na meneja hakuwa yeyote kati yao. Nguvu ya msimamizi ilikuwa katika mambo mawili tu: ratiba ya kampeni ilikuwa mkononi mwake, na angeweza kuandika kwa makao makuu kwamba ofisi ya umma inaingilia kampeni. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inagusa maofisa wa umma wanaotumia nafasi zao kumpendelea mgombea. Aliitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida, akaendelea na ajenda.

Matokeo

Tangazo liliondolewa ubaoni kesho yake, likabandikwa jipya. Ukaguzi wa maneno na idhini ya mikutano vilitoweka. Ada ya bango "ilisimamishwa kwa muda". Marufuku ya soko yaligeuka kuwa sharti la kuacha njia wazi. Yaliyobaki ni kutobandika kwenye alama za barabarani, na sauti kupunguzwa karibu na zahanati na shule, kwa wagombea wote.

Pikapu ilitolewa yadini ikiwa na spika moja iliyopasuka. Shilingi 2,000 hazikurudi. Mwalimu alikuwa amepoteza siku mbili za soko, na katika wadi ile siku ya soko ndiyo siku ya kampeni. Alishindwa uchaguzi kwa tofauti ambayo hakuipinga. Sitasema kanjo ndio waliomshinda. Hakuna anayeweza kulithibitisha hilo, na yeye mwenyewe hakulisema.

Uchambuzi

Kiini cha kisa ni mstari mmoja wa Jedwali la Nne ambao kaunti iliuvuta kupita urefu wake. Kaunti inadhibiti nguzo, njia, ukuta na kiwango cha kelele. Uchaguzi haumo kwenye orodha ya kazi zake. Kifungu cha 186(3) kinasema kazi ambayo haikupewa kaunti inabaki kwa serikali ya kitaifa, na Kifungu cha 88 kimeikabidhi IEBC uchaguzi wa kila chombo cha kuchaguliwa, ukiwemo wa Bunge la Kaunti lenyewe. Ninavyoona, sababu ni dhahiri: mtu ambaye kiti kinamhusu hawezi kuwa ndiye anayeamua nani asikike. Jiji likiwa na hati kama Nakuru au Eldoret, halipati mamlaka zaidi juu ya kura kuliko manispaa ndogo. Nakuru ilipopewa hati yake Desemba 2021 ilipata hadhi na majukumu ya huduma. Haikupata tume ya uchaguzi.

Kwa hiyo agizo la kaunti wakati wa kampeni huulizwa mambo matatu: linagusa kitu au linagusa maneno? Lina sheria iliyopitishwa na bunge nyuma yake? Linamgusa kila mtu vilevile? Ukaguzi wa maneno ulianguka swali la kwanza. Ada ilianguka la pili. Nguzo mbili zilianguka la tatu.

Swali la kwanza limeulizwa kwingine pia. Mwaka 2015, katika kesi ya Reed dhidi ya Town of Gilbert, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sheria ya mji mmoja wa Arizona iliyopanga mabango kwa maudhui, ya siasa hivi, ya itikadi vile, ya kuelekeza watu kwenye ibada vingine. Si sheria yetu na hatuwezi kuibeba kizimbani kama yetu. Lakini inaonyesha kwamba mji unaweza kushindwa hata kama nia yake ni kupendezesha barabara, iwapo lazima ulisome bango kwanza ndipo ujue ulifanye nini.

Kilichofanya kazi ni kuipasua karatasi. Mgombea anayesema "tangazo lote ni batili" hushindwa, kwa sababu si lote lililo batili, na meneja atajibu sehemu aliyo na haki nayo na kunyamazia nyingine. Kilichofanya kazi pia ni picha moja yenye nguzo zote mbili. Picha ya nguzo iliyoraruliwa peke yake ingeonyesha tu kwamba bango limeraruka.

Kilichoharibika ni pesa za stendini. Dereva alitoa 2,000 kwa hofu, na siwezi kumlaumu kijana aliye peke yake mbele ya askari watatu. Ila malipo yale yalitumiwa kikaoni: meneja alisema timu ya Mwalimu "imekubali ada". Dereva wa kampeni anapaswa kuwa na nakala ya taarifa ya OCS ndani ya gari na nambari ya mtu wa kumpigia kabla hajaingiza mkono mfukoni. Na barua kwa msimamizi haikupaswa kungoja hadi pikapu ikamatwe. Msimamizi wa uchaguzi ndiye aliyeleta kikao, na kama angekuwa na barua yake siku ya kung'olewa mabango, huenda soko moja lingeokolewa.

Soko

Soko ni mali ya kaunti, na hapo ndipo hoja za pande zote mbili zina uzito. Uwanja wa kaunti unakodishwa. Kutaka mgombea aweke nafasi na alipe bei ileile wanayolipa wengine ni sawa. Kufunga njia ya soko kwa jukwaa na viti kunawaumiza mama mboga na wateja wao, na kaunti ina haki ya kukataa. Lakini mgombea anayepita vibandani akisalimia na kugawa karatasi hajakodi chochote wala hajafunga chochote. Kumfukuza huyo, siku ambayo wapiga kura wake wote wako pale, ni kumfukuza kwenye uchaguzi. Kikaoni mpaka uliwekwa kwenye upana wa njia: toroli ipite. Baadhi ya wagombea waliona ni jambo dogo. Wauza nyanya waliohudhuria kama wanakamati wa amani ndio walioutaka, na ulifuatwa hadi mwisho.

Kaunti bado ina shida ya kweli ya mabango yanayooza ukutani miezi baada ya kura. Dawa yake ni sheria ya Bunge la Kaunti, iliyopitia ushirikishi wa umma, inayotaja mahali pa kubandika, siku za kuondoa baada ya uchaguzi, na dhamana ileile kwa kila mgombea. Ushirikishi huo si mapambo: mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa kuukosa. Mwalimu alifika kwenye kikao cha umma cha mswada wa fedha uliofuata, akaomba mabango ya kampeni yatajwe wazi kuwa hayatozwi ada ya tangazo la biashara. Karani aliliandika. Mswada ulipopita, mstari ule haukuwemo, na ada "iliyosimamishwa kwa muda" haijafutwa popote kwa maandishi. Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027.